Mti wa Kushoto, Mti wa Kulia

Mwalimu Mkuu alistaafu miaka kumi na mmoja iliyopita, lakini alistaafu kwenye karatasi tu. Nyumbani mama huyu aliendelea kusahihisha. Chakula kikiletwa mezani alionja, akatazama dari, akatoa alama: sita kwa kumi, mchuzi mwepesi. Mgeni akiaga, kabla hajafika langoni alama zake zilishatolewa, na mara nyingi mgeni mwenyewe alizisikia. Hata misiba haikusalimika. Kuna msiba mmoja wa jirani aliupa nne, kwa sababu watu walilia bila mpangilio. Mtaa ulicheka, ila ulicheka ukiwa umegeuza uso, maana nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake, na wapo wanaume wazima wenye vitambi ambao mpaka leo wakimwona huficha sigara.

Alikuwa na wana wawili, na katika nyumba yake waliishi wake wa wana hao. Wa kwanza tutamwita Msusi, kwa kuwa alisuka nywele kwenye kibanda cha mabati kule sokoni. Huyo alikuwa mke wa mwana mkubwa, dereva wa malori ya safari ndefu, aliyekuja nyumbani kubadilisha nguo na kuuliza kuna nini cha kula. Wa pili alikuwa Fundi. Fundi alikuwa mke wa mwana mdogo, na mwana mdogo alikuwa kaburini mwaka wa pili sasa. Homa ya siku tatu tu ilimchukua.

Fundi alikaa chumba cha mbele, chenye dirisha la kutazama barabara. Cherehani yake ilikuwa chini ya dirisha hilo, na wateja walimpitishia vitambaa kwenye nondo bila hata kuvua viatu. Chumba hicho kilikuwa kitanda chake, duka lake na kila kitu alichokuwa nacho duniani. Wazazi wake walishafariki. Alikuwa na kaka mmoja mbali huko, mwenye chumba kimoja, mke mkali na watoto watano waliolala wamepangwa kama kuni.

Halafu kulikuwa na ile tepu. Tepu ya kupimia nguo, ya njano, iliyoning'inia shingoni mwake asubuhi hadi jioni, ilianzia namba ishirini na moja. Inchi ishirini za mwanzo hazikuwepo. Marehemu alizikata. Mwaka mmoja kabla hajafa alileta nyumbani mche wa mti wa mapambo, akaupanda kwenye kopo, upepo ukawa unaulaza. Akatafuta kamba, kamba hakuna, akachukua mkasi wa mkewe na tepu mpya ya mkewe, akakata kipande, akaufunga mche kwenye kijiti. Fundi alimnunia siku tatu nzima. Akamwambia mwanaume mwenye akili timamu hakati tepu ya fundi, afadhali angekata shuka. Baada ya mazishi hakununua tepu nyingine. Alipima kiuno cha mteja, akasoma hamsini na nane, akatoa ishirini kichwani, akaandika thelathini na nane. Mteja mnene alipimwa kwa awamu. Watu walimtania kwamba ni fundi pekee anayewapunguza wateja kabla ya kuwashonea, naye alicheka, lakini tepu hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Mama mkwe wake, Mwalimu Mkuu, aliiona kila siku, akatabasamu. Fundi alikuwa mwanafunzi wake zamani. Mwalimu Mkuu alikumbuka mpaka alama.

“Kumi na moja kwa hamsini,” alikuwa akisema mbele ya wageni, akimwonyesha kwa kidevu. “Hesabu za kutoa zilimshinda kabisa. Na mwanangu, aliyekuwa wa kwanza kila mwaka, akaenda kumchagua huyo.”

Fundi alikuwa akimeza mate na kuendelea kushona. Kwa marehemu alikuwa mke, lakini kwa mama wa marehemu hakuwahi kutoka darasani.

Sasa basi. Mwaka huo Mwalimu Mkuu aliamua kuweka sakafu mbele ya nyumba. Alichoshwa na vumbi. Mafundi walimwaga zege kutoka barazani hadi langoni, naye akawaambia waache shimo moja la mraba katikati, la kupanda mti mmoja mkubwa wa mapambo, ili mtu akipita ajue humu ndani wanaishi watu. Zege lilipokauka aliwaita wake wa wanawe wawili, akawakalisha kwenye benchi, yeye akabaki wima.

“Nafasi ya mti ni moja,” akasema. “Na chumba cha mbele nacho ni kimoja. Msusi ameniomba akifanye saluni, ahame kile kibanda cha sokoni. Fundi anakikalia. Mimi simpendelei mtu. Kila mmoja alete mti wake. Miezi kumi tutailinganisha. Mti utakaoshinda utaingia shimoni, na mwenye mti atachukua chumba.”

Fundi akauliza, “Na atakayeshindwa, mama?”

“Msusi ana mume, na ana chumba chake cha nyuma. Wewe una kaka yako.”

Alisema hivyo kama anavyotaja ukurasa wa kufungua.

Fundi alileta mti wa marehemu. Ulikuwa umefika kifuani, wenye majani mapana kama ya mgomba. Ule uliitwa mti wa msafiri, ambao ukikua majani yake hujipanga ubapa, kulia na kushoto, kama kipepeo cha kujipepea kilichosimamishwa. Msusi alikwenda kwa Muuza Miche wa pale njia panda akanunua mti wa ndege, unaoitwa hivyo kwa sababu ya maua yake meupe yenye mdomo. Nao ulikuwa wa kifuani. Nao ulikuwa na majani mapana kama ya mgomba.

Mwalimu Mkuu alimwita Muuza Miche aihamishie miti yote miwili kwenye ndoo kubwa nyeupe za rangi, sawa kwa sawa, mmoja asije akapendelewa na chombo. Yule bwana alijaza udongo mpya juu ya ule wa zamani, ule mti wa marehemu ukafukiwa kidole kizima zaidi ya mwanzo, na kile kipande cha tepu kikapotelea chini. Alipomaliza akasimama nyuma, akajikuna.

“Mkiniuliza mimi, ikiwa midogo hivi ni mapacha,” akasema. “Mpaka ifike miaka kadhaa, ule ujipange kama kipepeo na huu uwe kichaka, ndiyo mtajua. Mimi mwenyewe nimeshamuuzia mtu huu kwa jina la ule. Mara mbili.”

“Wewe ni mlevi,” Msusi akamwambia. “Wangu nautambua kutoka barabarani.”

“Na mimi wangu nautambua nikifumba macho,” Fundi akadakia.

Mwalimu Mkuu aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na kama wangekuwa na akili wangeuogopa mtazamo ule. Ndoo ya Fundi iliwekwa kushoto, chini ya dirisha lake. Ya Msusi ikawekwa kulia. Kisha masharti yakatolewa: hakuna kugusa, hakuna kumwagilia, hakuna kupapasa majani. Yeye mwenyewe atamwagilia, kwa kikombe kilekile, na atapima kwa rula yake ya darasani na kuandika kwenye daftari lake. Karatasi ya mtihani, alisema, haishikwishikwi.

Kila Jumapili baada ya chai ya asubuhi walisimamishwa mbele ya ndoo walinganishe. Na walilinganisha! Maneno yaliyosemwa juu ya migomba ile miwili isiyozaa ndizi yangetosha kumposea binti wa mfalme. Msusi alisema wa kulia una majani mazito, yenye afya, yanang'aa kama nywele zilizopakwa mafuta. Fundi alisema wa kushoto umesimama wima, una adabu, na ukiutazama vizuri unaona majani yameanza kujipanga ubapa. Msusi akasema wa kushoto una shingo nyembamba. Fundi akasema wa kulia umenenepa bila mpango, kama watu wengine. Mwalimu Mkuu hakuwakatiza. Aliandika, akafunga daftari, akasema, “Endeleeni hivyohivyo.”

Mwezi wa tisa ndio mambo yakaharibika. Jumapili ya mwisho ya mwezi huo Mwalimu Mkuu alisoma kwa sauti kwamba mti wa kulia umeupita wa kushoto kwa inchi mbili. Msusi hakungoja kesho yake ifike vizuri. Alikuja chumba cha mbele na seremala, bila hodi, akaanza kumwonyesha kuta.

“Kioo kikubwa kitakaa hapa,” akasema, akigonga ukuta kwa kucha. “Toa hiyo picha tupime.”

Ilikuwa picha ya marehemu. Fundi alisimama na nguo ya mtu mkononi, sindano ikiwa bado imening'inia kwenye uzi.

“Dada, mwezi mmoja bado.”

“Najua, mdogo wangu. Ndiyo nakupa muda wa kufunga mizigo, usije ukasahau kitu.” Akaishusha ile picha mwenyewe, akailaza kifudifudi juu ya kitanda. Seremala alipima ukuta huku akitazama chini.

Siku ile Fundi hakushona tena. Alikaa kitandani na picha mapajani, akawaza chumba cha kaka yake, na wifi yake atakavyohesabu vijiko baada ya kila mlo. Alilia, halafu akaacha kulia, na alipoacha alikuwa mtu mwingine. Tusimpambe. Hakuingiwa na shetani wala hakurogwa. Alikata shauri kwa akili zake zote.

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa kumi, mchana, Msusi akiwa sokoni na mama mkwe amejilaza usingizi wake wa baada ya chakula, Fundi alichemsha birika la maji, akatia vikombe viwili vya chumvi, akakoroga hadi ikayeyuka. Alitoka nyuma akazunguka nyumba. Jua lilikuwa kali na barabara ilikuwa tupu. Alichuchumaa kwenye ndoo ya kulia, akamimina polepole kuzunguka shina, na udongo ukatoa mvuke. Pazia la chumba cha Mwalimu Mkuu lilicheza kidogo. Upepo, Fundi akajisemea, ingawa majani ya miti yote miwili yalikuwa yametulia tuli. Alhamisi akarudia. Jumamosi akarudia tena, na safari hii alikuwa akiimba kwa ndani.

Wiki iliyofuata majani ya kulia yalianza kuungua pembeni. Kisha yakajikunja. Kisha jani la katikati, lile changa lililokuwa bado limejiviringisha, likalala kando na halikuinuka tena. Msusi alichanganyikiwa. Alimsihi mama mkwe aongeze maji, aweke kivuli, amwite Muuza Miche. “Masharti ni masharti,” akajibiwa.

Fundi alimkaribisha Msusi chumbani akampa chai, akamweka kwenye kiti cha wateja, akampangusa machozi kwa kipande cha kitambaa kizuri.

“Pole, dada yangu,” akamwambia. “Mikono mingine ni ya nywele tu, si ya mimea. Usijilaumu.”

Ile picha ilikuwa imesharudi ukutani. Fundi alimtazama mwenzake akilia, akaona raha kifuani, raha tamu, ambayo hakuwa ameionja tangu mumewe afe. Usiku akalala fofofo.

Jumapili ya mwisho Muuza Miche aliitwa na jembe lake. Mwalimu Mkuu alivaa gauni la kwendea mikutanoni na kalamu nyekundu kifuani. Mti wa kulia ulikuwa umekuwa rangi ya karatasi ya kufungia vitu, wa kushoto ulikuwa kijani kibichi. Hata mtoto angetoa alama.

“Tulinganishe kwa mara ya mwisho,” Mwalimu Mkuu akasema. “Msusi.”

“Mama, sina la kusema. Wangu umekufa.”

“Fundi.”

Fundi alisogea mbele. Alikuwa amejiandaa. Aliweka mkono juu ya shina la mti wa kushoto, sauti ikamtetemeka, na kutetemeka kule hakukuwa kwa kuigiza.

“Mama, huu si mti kwangu. Huu ni mume wangu. Aliupanda kwa mkono wake, mimi nikamnunia, na sikupata siku ya kumwomba radhi vizuri. Kila asubuhi nikifungua dirisha namsalimia. Nauona umesimama kama yeye. Hata mkiuweka katikati ya msitu, mimi nitaufuata nitaushika.”

Muuza Miche alivua kofia. Mwalimu Mkuu aliandika mstari mzima.

“Una hakika ndio huo?”

“Nina hakika.”

“Hutaki kubadilisha jibu?”

“Sibadilishi, mama.”

“Vizuri. Baba, ng'oa huo wa kulia.”

Muuza Miche alilaza ndoo, akaipiga mateke ubavuni, akavuta shina. Lilitoka lote kwa urahisi, na harufu ya kuoza ikatoka nalo. Mizizi ilikuwa myeusi, laini kama mboga iliyosahauliwa sufuriani. Na pale shina lilipokuwa limefukiwa kidole kimoja chini ya udongo, palikuwa na kitu cha njano kimelizunguka, kimefungwa mafundo mawili.

Fundi alikiona kabla ya mtu yeyote. Alipiga magoti bila kujua amepiga magoti. Alifuta udongo kwa kidole gumba, namba zikajitokeza: saba, nane, tisa.

“Si huu,” akasema. “Mama, si huu. Wangu ule pale. Wa kushoto.”

“Wa kushoto ni wa Msusi,” Mwalimu Mkuu akasema. “Kwa mwezi huu. Kila mwisho wa mwezi, wewe ukienda kununua vitambaa na huyu akiwa sokoni, nilizivuta hizo ndoo juu ya gunia nikazibadilisha. Darasani pia nilibadilisha madawati kila mwezi, kama mnakumbuka. Ndivyo unavyomjua anayejua na anayekariri.” Akafungua daftari, akaramba kidole, akafunua. “Mwezi wa pili, Fundi akiusifia wa Msusi: ‘una adabu.’ Mwezi wa nne, Msusi akiusifia wa Fundi: ‘unang'aa.’ Mwezi wa nne huohuo, Fundi akiusema wa mumewe: ‘umenenepa bila mpango.’ Miezi kumi, mabinti wawili, hakuna hata mmoja aliyeutambua wake. Na jibu lilikuwa hapo hapo, kidole kimoja chini ya udongo.”

Msusi alianza kucheka. Hakuwa amekusudia, kicheko kilimtoka tu, cha mtu aliyenusurika kugongwa. Alipoona uso wa Fundi aliziba mdomo, lakini mabega yaliendelea.

Mwalimu Mkuu aliinama, akachota udongo wa ile ndoo kwa ncha ya kidole, akauonja, akatema pembeni.

“Chumvi imezidi,” akasema.

Fundi aliinua kichwa. Alikumbuka pazia lililocheza bila upepo.

“Uliniona?”

“Mara ya kwanza. Na ya pili. Na ya tatu.”

“Ulijua ndoo ile ni ya nani?”

“Mimi ndiye niliyeiweka.”

“Mama, huu ulikuwa mti wa mwanao!” Fundi alipiga kelele, watu wawili wakasimama barabarani. “Mwanao wa kumzaa! Ungesema neno moja tu!”

“Msimamizi wa mtihani hasemi.”

Sauti haikutikisika. Kama mama yule aliumia, aliumia mahali ambapo hakumruhusu mtu aone, na huenda hata yeye mwenyewe hakupaona. Alichomoa kalamu nyekundu kifuani, akamkabidhi Muuza Miche daftari amshikie, akaushika mti mfu kwa majani akaulaza vizuri juu ya zege, umenyooka.

“Sijauandika urefu wa mwisho,” akasema. “Wewe ni fundi. Pima.”

Hakuna aliyejua kwa nini Fundi alitii. Labda kwa sababu alikuwa na miaka kumi na miwili tena, amesimamishwa mbele ya ubao. Alifungua yale mafundo mawili kwa meno. Kipande kilikuwa kizima, moja hadi ishirini. Alivua tepu shingoni, akaweka ncha kwa ncha juu ya zege, na mkato ukakutana na mkato, hata pale mkasi wa marehemu ulipopinda kidogo. Tangu siku ile ya kununiana tepu haikuwa imekamilika. Akayashikilia maungio kwa kidole, akaunyoosha mti kwa mkono mwingine, kutoka mwanzo wa mzizi hadi ncha ya lile jani changa. Machozi yalimzuia kusoma, akayafuta kwa bega, akasoma hamsini na tatu. Midomo yake ikafanya kazi iliyoizoea.

“Thelathini na tatu,” akasema.

Muuza Miche alitazama namba, akatazama pembeni.

“Ni nzima sasa, Fundi,” Mwalimu Mkuu akasema, karibu kwa upole. “Ulikuwa hutakiwi kutoa.”

Akachukua daftari lake, akaandika hamsini na tatu, na kando yake akaweka mkasi mwekundu, ile alama ya kosa, mkubwa, kwa mkono ule ule aliotumia zamani. Kisha akamgeukia Muuza Miche akamwambia apande ule wa kijani kabla jua halijawa kali, na akamwambia Msusi amwite seremala.

“Na wewe kafunge cherehani yako,” akasema bila kugeuka. “Basi la kwa kaka yako linaondoka saa nane.”